Bahari Isiyozinduliwa

Ipo nchi moja, na msiniulize iko upande gani wa ramani kwa sababu ramani yake bado haijazinduliwa, ambayo watu wake ni wastaarabu kiasi kwamba hawagusi kitu cha umma mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Wakijengewa daraja, wanaendelea kupita chini yake wamepandisha nguo magotini, huku wakiinua macho kulisifu. Wakichimbiwa kisima wanakipigia makofi, kisha wanashika ndoo zao na kwenda mtoni kama kawaida. Katika mji mmoja, choo kipya cha soko kilikaa na utepe mlangoni msimu mzima, na wafanyabiashara wakawa wanajisaidia nyuma yake, wakiishukuru serikali kwa kivuli. Mwaka mwingine mvua za vuli zilianza kabla Waziri wa Kilimo hajarudi safari, zikalaaniwa vikali kwenye taarifa ya habari.

Katika nchi hiyo alikuwapo Bi Zamoyoni Kidege, Kaimu Msimamizi wa Tovuti Huria ya Takwimu za Bahari. Alikuwa mama mwenye elimu nzuri, mwenye adabu, asiyechelewa kazini, na alikuwa amekaimu muda mrefu hata watoto wa majirani walidhani Kaimu ndilo jina lake la kwanza. Kazi yake ilikuwa kupokea habari za bahari. Mbele ya pwani yote kulikuwa na maboya ya kupimia, yaliyotiwa nanga kwa hisani ya wafadhili, na maboya hayo hayakuwa yamefundishwa itifaki. Kila siku yalipima joto la maji, chumvi, mawimbi, na yale majani madogo ya baharini yasiyoonekana kwa macho, kisha yakamrushia Zamoyoni kila kitu kwenye kompyuta yake, bila hata kumwamkia.

Wafadhili walikuwa wametoa sharti moja tu. Data hizi ziwe huria, yaani mtu yeyote, popote alipo, azitafute mtandaoni na kuzichukua bila kumpigia mtu magoti. Serikali ilikubali kwa mikono miwili, ikatia saini, ikapiga picha.

Tovuti yenyewe ilikuwa nzuri kweli, na anayesema vinginevyo ana lake jambo. Ukiifungua unakutana na picha ya Mheshimiwa Mikidadi Tunu, Waziri wa Bahari, Maziwa na Maji Yaliyosimama, amenyoosha mikono kuelekea baharini kama anayeiruhusu iendelee. Kisha unapigiwa wimbo wa taifa, beti zote, na chini yake kuna kisanduku cha kuweka alama kuthibitisha kwamba umesimama. Ukishathibitisha, unaandika jina lako, la baba yako na la mwenyekiti wako wa mtaa, unaambatisha picha ya pasipoti, halafu unasubiri neno la siri, ambalo kwa sababu za kiusalama huletwa kwa posta. Likikufikia ukiwa hai, unaruhusiwa kutafuta. Ukiandika "joto la maji", unaletewa picha za washiriki wa warsha ya joto la maji. Ukiandika "mawimbi", unaletewa hotuba ya Waziri kuhusu mawimbi, imepigwa picha kutoka kwenye karatasi ya kopi, na kidole gumba cha mtoa kopi kinaonekana pembeni. Mchana tovuti inafungwa kwa chakula. Jumamosi na Jumapili haifunguki kabisa, maana hata kompyuta ina familia.

Wataalamu wa nchi za mbali walipoandika kuuliza hizo data zenyewe ziko wapi, Zamoyoni aliwajibu kwa upole kwamba ni huria kabisa, na zitapatikana mara tu zitakapozinduliwa.

Na hapo ndipo penye kazi. Kwa mujibu wa sheria, kila fungu la vipimo lilihesabiwa kuwa mradi unaojitegemea, na mradi hauzinduliwi kwa kubonyeza kitufe kama mtu anayewasha feni. Vipimo vinachapwa kwenye ubao mkubwa, ubao unafunikwa pazia la bluu, pazia linazungushiwa utepe, ngoma zinapigwa, kwaya inaimba, Mheshimiwa anahutubia, anakata, na hapo ndipo raia wanakuwa na ruhusa ya kujua. Idara nzima ya bahari ilikuwa na wapimaji wachache wanaogombania meza moja, lakini Kitengo cha Utepe na Mikasi kilikuwa na ghorofa yake. Tatizo lilikuwa kwamba maboya yalipima kila siku, ilhali Mheshimiwa alikata utepe pale ratiba iliporuhusu. Kwa hiyo wananchi walikuwa na haki kamili ya kujua bahari ilikuwaje enzi ambazo mabibi harusi wa leo walikuwa wananyonya. Ya jana ilikuwa bado kwenye foleni.

Aliwahi kuwapo mfanyakazi mmoja, Bwana Shomvi, ambaye aliona dhoruba kwenye vipimo akawaambia wavuvi wasitoke. Wavuvi walipona wote. Shomvi akapewa barua ya kosa la kujulisha kabla ya uzinduzi, akahamishiwa jangwani kupima mawimbi. Ni mtu mwaminifu, kila mwisho wa mwezi analeta taarifa yake. Inasema: "Hakuna mabadiliko."

Zamoyoni alizisoma taarifa hizo zote, akazielewa vizuri sana.

*

Asubuhi moja simu yake iliita. Alikuwa mama yake mdogo, Bi Mwanakheri wa Ras Ngisi, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Huko Ras Ngisi wanawake huingia mwambani maji yanapokupwa, wakabandua chaza, wakala na watoto wao. Zamoyoni mwenyewe mifupa yake imejengwa na chaza wa mwamba ule.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Zamo, hivi nyie huko si ndio mnaoipima bahari?"

"Ndiyo mama, ndio sisi."

"Basi huku maji yamegeuka. Yamekuwa rangi ya damu ya mzee, kuanzia mwambani mpaka kule mbele, na visamaki vinaelea. Wenzangu wamenituma, wanasema wewe una mtoto huko serikalini, muulize. Hawa chaza tule, au tuache?"

Zamoyoni aliinua macho. Vipimo vya boya la Ras Ngisi vilikuwa mbele yake, na mstari wa yale majani madogo yenye sumu ulikuwa umepanda mpaka ukatoka nje ya kioo. Alisomea jambo hilo hilo. Alijua kwamba chaza huyala majani hayo wala asidhurike, lakini anayemla chaza huanza kwa kuhisi midomo inamtambaa, kisha mikono na miguu inakufa ganzi, kisha pumzi inamkatikia. Alijua pia kwamba hata ukiwachemsha kutwa sumu haitoki. Neno lililotakiwa lilikuwa moja: acheni.

Akafungua kinywa, ikatoka sauti ya ofisini.

"Mama mdogo, taarifa za hali ya maji ya eneo hilo zipo katika hatua za mwisho za maandalizi ya uzinduzi."

"Ndiyo kusema tule?"

"Ndiyo kusema… wadau watajulishwa kwa wakati muafaka."

"Mimi ni mdau?"

"Wewe ni mdau mkubwa, mama."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanakheri. "Nilikuwa sijui. Haya mwanangu, kazi njema, usisahau kula."

Simu ikakatika, na Zamoyoni akaona haya, haya za kweli, zile zinazoanzia shingoni na kupanda hadi masikioni. Alitazama huku na huku kama kuna aliyemsikia. Wenzake walikuwa wanajadili upana wa utepe. Akajiambia kwamba watu wazima wale, maji yakigeuka rangi, watajua wenyewe la kufanya. Akajiambia pia kwamba taratibu ni taratibu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomshushia zile haya, ndipo akapiga moyo konde akaenda kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi Lugendo alikuwa mtu wa miwani miwili: ya kusomea, na ile ya mbao.

"Mkurugenzi, naomba uzinduzi wa dharura. Maji ya Ras Ngisi yana sumu, imeingia kwenye chaza."

"Hiyo sumu imezinduliwa?"

"Bado."

"Basi haipo, Kidege. Siku itakapozinduliwa itakuwepo, na serikali itaikabili kwa nguvu zake zote."

"Lakini watu wanakula, Mkurugenzi."

"Nani kawaambia wale?"

"Hakuna aliyewaambia wasile."

"Umeona sasa? Hatujampotosha mtu." Akavua miwani ya kusomea, akalainisha sauti. "Dada yangu, jina lako liko mezani kwa Mheshimiwa. Kimebaki kufutwa kineno kimoja tu hapo mbele. Usituharibie. Au umetamani kwenda kumsaidia Shomvi?"

Ningependa kuwaambia kwamba Bi Zamoyoni aligonga meza. Hakugonga. Alisema, "Nimekuelewa Mkurugenzi," akarudisha mlango taratibu, akaenda kujibu barua pepe za wageni. Simu ilikuwa palepale mezani, na Ras Ngisi nzima ilikuwa ndani ya simu hiyo. Akaifunika na faili.

*

Bi Mwanakheri alipopiga tena, hakuuliza chochote kuhusu maji.

"Mwatime hatunaye," alisema.

Mwatime alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliyemzidi Zamoyoni miaka michache tu. Ndiye aliyemsuka Zamoyoni nywele utoto wake wote, akimfinya bega kila alipotikisika.

"Alikula jana mchana. Akasema midomo inamtambaa kama amekula ndimu, tukamcheka. Akasema hasikii vidole, tukamwambia ni uzee huo. Halafu pumzi. Watoto wake wako hapa kwangu. Utakuja?"

Zamoyoni alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini hakwenda. Alisema wana maandalizi ya uzinduzi, na mama yake mdogo akasema, "Kazi ndiyo hivyo mwanangu, tutakuwakilisha." Ukweli ni kwamba hakujua angekaaje jamvini na wanawake wale, angeyaweka wapi macho. Akatuma ubani na salamu za pole, na kwa mazoea salamu zile akaziandika kwenye karatasi yenye nembo ya Tovuti Huria.

Ras Ngisi kuna zahanati, na zahanati ina muuguzi, Bwana Chwaya. Baada ya maziko alichukua simu yake akaanza kutafuta. Tovuti ya taifa ilimpigia wimbo, ikamuuliza kama amesimama. Alikuwa ameketi, amempakata mgonjwa, akajibu ukweli, ikamfukuza. Akaendelea kutafuta, ndipo akaangukia tovuti ya nchi jirani, ambayo inapima bahari hiyohiyo, kwa kuwa maji hayana pasipoti. Ile ya jirani haikuwa na picha ya mtu. Ilikuwa na ramani tu. Unagusa mahali, unaona vipimo vya leo, unavichukua ukitaka, na chini wameandika kwa herufi kubwa: MSILE CHAZA. Chwaya akazunguka nyumba kwa nyumba, na Ras Ngisi nzima ikaacha chaza jioni hiyo.

Habari hizo zilipofika wizarani zilileta mtafaruku mkubwa. Kwamba Mwatime amekufa lilikuwa jambo la kusikitisha, lakini kwamba wananchi wamejua kwa kutumia ujuzi wa kigeni, hilo lilikuwa la kutisha. Mheshimiwa Tunu alitangaza kwamba ataizindua bahari ya Ras Ngisi hukohuko Ras Ngisi, ili wananchi wapate kujua kizalendo. Na kuonesha kwamba hayumbishwi na vipimo vya watu wa nje, atakula chaza hadharani. Chakula kikatangulizwa kabla ya kukata utepe, kwa sababu helikopta ya Mheshimiwa haikuweza kusubiri.

Wanawake wa Ras Ngisi waliombwa kupika, wakakataa. Mkurugenzi Lugendo akawasomea sheria kwamba kukataa chaza kwa hoja ya sumu ni kutumia takwimu ambazo hazijazinduliwa. Wakamsikiliza mpaka mwisho, wakakataa tena. Ikabidi wapishi wa Kitengo cha Utepe na Mikasi waingie mwambani wenyewe, na suti zao.

*

Uwanja ulijaa. Ubao ulisimamishwa mbele, pazia la bluu likapepea, na Zamoyoni akasimamishwa kando yake na sinia lenye kitambaa cha mahameli, na juu ya mahameli mkasi. Tangu afike hakuwa amemtazama mtu usoni. Watoto wa Mwatime walikaa safu ya mbele, wameogeshwa na kupakwa mafuta, kwa sababu walitajwa kwenye ratiba kama waathirika.

Sahani za chaza zikapitishwa meza kuu. Jambo la ajabu, wakurugenzi wote siku hiyo walikuwa na funga za sunna. Lugendo alikuwa na funga na dozi, vyote viwili. Mheshimiwa Waziri peke yake ndiye hakujua kwamba vipimo vya nyumbani navyo vinasema hivyohivyo, maana hakuna aliyethubutu kumpelekea habari ambayo yeye mwenyewe hajaizindua. Zamoyoni aliyaona hayo yote. Alimnong'oneza msaidizi wa Waziri, na msaidizi akamjibu kwa tabasamu, "Baada ya uzinduzi, dada."

Bi Mwanakheri alikuwa ameketishwa meza kuu kuwawakilisha akina mama, na sahani yake mbele yake. Mshereheshaji akampa kipaza sauti atoe shukrani. Akasimama, akaweka sawa kanga yake.

"Mheshimiwa, shukrani zangu zipo, nitazitoa. Lakini nina swali dogo kwa mwanangu yule mwenye sinia." Akamgeukia. "Zamo. Hawa chaza wana sumu, au hawana?"

Ukimtoa Mheshimiwa, watu wote pale walijua jibu, hata watoto. Lugendo akakohoa. Zamoyoni alihisi macho ya watu wote usoni pake, akafungua kinywa, na ile sauti ikatoka yenyewe, laini, imenyooka:

"Swali zuri sana, mama. Litajibiwa mara baada ya uzinduzi."

Wakurugenzi wakapiga makofi. Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua chaza wa kwanza akamtia kinywani. Zamoyoni alijisikia ameoza. Alitamani ardhi ipasuke immeze na sinia lake, lakini ardhi ya nchi ile nayo ina taratibu zake.

Bi Mwanakheri hakukasirika. Aliinama, akachagua chaza mmoja kwenye sahani, polepole, kwa vidole vilevile vilivyomlisha Zamoyoni miaka yote ile, akamwinua mpaka mdomoni. Macho yake hayakutoka kwa binti yake. Midomo ikafunguka.

Sinia likaanguka.

"Usile, mama!" Hakuwa anasema, alikuwa anapiga kelele. "Wana sumu! Wote wana sumu, usile!"

Mheshimiwa alimtema wake mpaka kwenye kwaya. Wakurugenzi wakatazama chini kila mmoja na viatu vyake. Mshereheshaji, kwa mazoea tu, akaomba makofi.

Bi Mwanakheri akamrudisha chaza kwenye sahani. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake.

"Hilo tunalijua," alisema. "Nilitaka kujua kama na wewe ulikuwa unalijua."

"Nilikuwa nalijua, mama."

"Tangu lini?"

Zamoyoni aliitafuta ile sauti ya ofisini, ambayo haijawahi kumwangusha hata siku moja. Safari hii haikuja. Ikabaki yake mwenyewe, nayo ilikuwa ndogo.

"Tangu siku ile uliponipigia."

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Mwanakheri aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa njia ambayo hataki kuipita.

"Watoto wa Mwatime waliniuliza," alisema. "Waliniuliza, bibi, Da Zamo alijua? Nikawaapia kwamba hujui. Nimekuwa nawaapia kila siku."

Akamrudishia mshereheshaji kipaza sauti, akaiacha meza kuu, akaenda kukaa chini na wanawake wenzake. Mheshimiwa Waziri, huku bado anasukutua kinywa, akasema ratiba iendelee, akanyoosha mkono kuuliza mkasi uko wapi. Ulikuwa umefukiwa mchangani, karibu na miguu ya safu ya mbele. Zamoyoni akapiga magoti mbele ya watoto wa Mwatime, akaanza kuutafuta.